Pumzi Moja ya Swalehe

Kwenye ripoti ya chuo nimejaza mistari minne tu: mahali, waliofundishwa, vifaa vilivyotumika, changamoto. Kwenye changamoto nimeandika "usafiri", maana ndivyo sote huandika na hakuna mkufunzi anayeuliza zaidi. Lakini ninyi si wakufunzi. Tangu nirudi mmenisumbua kwenye grupu, Perisi vipi, Perisi mbona kimya, Perisi Warangi wamekulisha nini hata hutaki kuongea. Zuhura amefika mpaka mlangoni kwangu akanikuta nimejifunika shuka mchana na joto lote hili. Basi naandika mara moja kwa wote, nisiulizwe tena.

Mnajua nilianza kazi kama mkunga kwenye zahanati ya kijiji kimoja cha milima ya Kondoa, kabla ya stashahada, kabla ya shahada, na kabla ya huu uzamili unaomfanya shangazi yangu wa Mvumi aniulize kama unesi una mwisho. Msilolijua, isipokuwa Zuhura, ni kwa nini tulipoulizwa kila mtu anataka kwenda kufundisha wapi kwa vitendo, mimi niliomba zahanati ile ile, wakati ninyi mlikuwa mnagombania hospitali zenye umeme na chipsi jirani. Jina la kijiji sitaliandika.

Miaka kumi na mbili iliyopita, mchana, nikiwa peke yangu zamuni, Mwanaidi mke wa Isa fundi alijifungua mtoto wa kiume mikononi mwangu. Mtoto hakulia. Alivuta pumzi moja, ya kukwama, kama mtu anayetaka kusema neno akaghairi. Kitovu kilikuwa kinapiga vidoleni mwangu. Nilimpigapiga nyayo, nikamshika kichwa chini miguu juu kama nilivyowahi kuona wakubwa wakifanya, nikamnyunyizia maji. Ukutani, ndani ya nailoni yake, ilikuwa inaning'inia ambu, ule mpira wa kumpulizia mtoto hewa, na mimi sikujua hata unashikwa upande gani. Kitovu kikaacha kupiga. Nikamfunika, nikamwambia Mwanaidi, "Pole dada, amezaliwa ameshafariki." Kwenye rejista nikaandika hivyo hivyo. Mtoto aliyezaliwa mfu hana maswali mengi, na mimi maswali niliyaogopa.

Mnakumbuka muhula wa kwanza, siku mkufunzi alipotushikisha ambu na kusema kwamba kitovu kikipiga maana yake mtoto bado anasubiri hewa? Mlidhani nilitoka nje kwa sababu ya joto.

Jioni ile nilimsimulia Zuhura. Kuhusu ambu hakunilaumu. Aliuliza tu, "Perisi, uliwaambia kazaliwa mfu? Basi hawakumswalia." Mimi binti wa mwinjilisti sikuwa najua lolote. Akanieleza kwamba kwao mtoto asiyeonyesha dalili ya uhai huzikwa tu kimya kimya, lakini aliyevuta pumzi, hata moja, hupewa jina na kuswaliwa kama mtu mzima yeyote. Yule alivuta moja. Duniani kote nilikuwa naijua mimi peke yangu, na nilikuwa nimeifuta kwa kalamu. Ndiyo maana niliomba kurudi kule. Kufundisha kulikuwa ni kweli, lakini nilikuwa na neno la kumpelekea Mwanaidi.

Stendi hadi Makutupora

Kifaa kikubwa nilichopewa na stoo ni yule mdoli wetu wa kujifunzia, yule tuliyempa jina Mheshimiwa kwa kuwa hajawahi kufanya kazi yoyote na kila mtu anamhudumia. Mtunza stoo alinikabidhi akiwa tayari amejazwa maji, akanikataza nisiyamwage kwa sababu kizibo kimelegea na kikitoka hakirudi. Kwa hiyo alikuwa na uzito wake kamili, na kichwa kikilegea kama cha mtoto wa kweli. Tulipofika stendi zipu ya begi lake ikafunguka yote, ikakataa katakata kufunga. Mvua ilikuwa inanyemelea. Nikamfunga Mheshimiwa kwenye kanga, uso na yote, nikapanda basi nimempakata, na begi la vifaa nikaliweka miguuni.

Jirani yangu alikuwa mama wa makamo mwenye mtandio wa kijani na furushi la magunia matupu. Alikuwa ametoka kuuza maharage sokoni Majengo.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mimi naitwa Bi Hadija. Na wewe unafanya kazi au unasoma?"

"Vyote, mama. Mimi nesi, lakini nasomea uzamili."

"Bado unasoma unesi, umri huo?" Akacheka. "Kwani sindano imebadilika?"

Nikacheka na mimi. Nikamweleza kwamba sasa tunasomea kuwafundisha wengine, na kuwahudumia wagonjwa ambao zamani tungemsubiri daktari awaone. Akaitikia kwa heshima, macho yake yakiwa kwenye kanga.

"Huyo ni wako?"

"Hapana mama, huyu ni wa kazini."

"Na unakwenda wapi naye?"

"Mlimani, kupita Kondoa. Nakwenda kwa Mwanaidi, mke wa Isa fundi."

Akanigeukia mwili mzima. "Mwanaidi? Mimi ni wa kijiji hicho hicho! Kuna nini kwa Mwanaidi?"

Hapo ndipo ningemwonyesha Mheshimiwa tukacheka, yakaisha. Lakini kulisikia jina lile kwa mtu anayemfahamu kulinitonesha. Nikasema, "Nina jambo zito nampelekea, mama. Siwezi kulisema hapa." Machozi yakanitoka, nikageukia dirishani.

Kisha nikauona mkono wake ukipenya chini ya kanga, ukagusa mguu wa Mheshimiwa, ukarudi haraka. Nilidhani anaona aibu kwa udadisi wake.

Makutupora wauza zabibu walikuja madirishani na mabeseni yao. Bi Hadija alininunulia pakiti, akanilazimisha kula. Kisha akainuka, akaenda mbele kumnong'oneza konda, na mara muziki ukazimwa. Nilishukuru, kwa sababu ulikuwa wa makelele. Nilikula zabibu moja moja nikipanga maneno ya kumwambia Mwanaidi, na kila nilipoyapanga yalianza na "samahani" yakaishia hapo.

Chemba

Kabla ya kufika Chemba mkanda wa feni ulikatika. Dereva akasimamisha gari kando ya kibanda cha chai, konda akapanda bodaboda kwenda kutafuta mkanda mwingine, na sisi tukakaa kama saa mbili.

Mnanijua, mimi huwa nasema watu wa basi lililoharibika hawana adabu. Siku hiyo nilijionea mengine. Mwanamume mmoja aliyekuwa amewahi kiti pekee cha kibandani aliponiona akainuka, akakifuta kwa mkono, akanionyesha nikae. Mwenye kibanda alileta chai ya rangi na chapati mbili kabla sijaagiza, nilipofungua pochi akakataa. Kijana mmoja wa nyuma alipoanza kumfokea dereva, watu walimtazama tu, akashusha sauti, kisha akaja kuniambia, "Pole sana, dada." Akina mama walipita mmoja mmoja. "Pole." "Mungu akutie nguvu." Mmoja alinishika bega, akakaa kando yangu, nami nikamwegemea kwa kuwa bega lake lilikuwa karibu.

Nilijua wameniona nikilia dirishani. Nikajiambia, kumbe Warangi wana huruma namna hii, na nesi anaheshimika. Nikawa natunga kichwani jinsi nitakavyowatambia ninyi mnaopigiwa kelele na ndugu wa wagonjwa mjini. Kumbe nilikuwa mjinga. Lakini nisiseme uongo, zile pole ziliniingia. Mtoto yule alipokufa hakuna aliyenipa pole, na mimi mwenyewe nisingeipokea. Sasa watu nisiowajua walikuwa wananipa kwa zamu, na nilizipokea zote.

Bi Hadija alikuwa kando, simu sikioni, akiongea Kirangi. Nilisikia jina la Mwanaidi mara mbili. Nikaona ni vizuri, anamwarifu kwamba ana mgeni.

Konda aliporudi na mkanda, mikono myeusi kwa oili, alinifuata kibandani. "Sista, tunajitahidi. Tutakufikisha mapema, usiwe na wasiwasi."

Kondoa hadi korongoni

Kondoa tulishuka jua likiwa utosini. Noah za kwenda mlimani, mnajua, haziondoki mpaka zijae na zilizojaa ziongezwe. Bi Hadija alisema maneno mawili kwa dereva, na gari ikaondoka na watu wanne. Dereva hakuokota abiria njiani, na waliompungia mkono aliwajibu kwa kutikisa kichwa tu. Hata hapo sikuelewa. Nilifikiri ni jamaa yake.

Mvua ilikuwa imenyesha juu milimani, na tulipofika korongoni maji ya rangi ya udongo yalikuwa yamejaa kutoka ukingo hadi ukingo. Pande zote mbili watu walikuwa wamekaa kwenye mawe wakisubiri. Mtu alikuwa amechomeka kijiti kwenye mchanga mwisho wa maji, na kila mara mmoja anakwenda kutazama yamerudi nyuma kiasi gani. Tulikaa pale muda mrefu. Bi Hadija alifungua kitambaa, tukala viazi vitamu vya kuchemsha, naye alinimenyea kama mtoto.

Maji yaliposhuka karibu na magoti, wanaume waliokuwa wamekaa karibu na sisi wakainuka. Wawili walivua kofia. Mmoja, mrefu, suruali imekunjwa mpaka mapajani, akaja mbele yangu na kunyoosha mikono.

"Dada, nipe malaika nimvushe mimi. Kaburi tayari, wanasubiri alasiri tu."

"Kaburi la nani?"

Akanitazama kama watu wanavyomtazama aliyechanganyikiwa na msiba, akamgeukia Bi Hadija. Yeye akanishika mkono. "La mtoto wa Rukia, mwanangu. Nimeshawaambia, usijitese kuficha. Nimempigia Mwanaidi tulipokuwa Chemba. Nimemkataza asimpigie mdogo wake, maana mzazi aliyefiwa hatoneshwi kwa simu."

Rukia alikuwa mdogo wake Mwanaidi. Alikuwa anaishi Majengo na mumewe, mimba yake imetimia, na Bi Hadija alikuwa amemwacha huko juzi akiwa mzito. Yote yakanijia kwa mpigo: zabibu, muziki uliozimwa, kiti kilichofutwa, Noah yenye watu wanne. Walidhani mimi ni nesi niliyetumwa kurudisha maiti ya mtoto kwao, nimempakata kama aliyelala ili basi lisimkatae. Wamama wengi wamesafiri hivyo kwenye barabara ile, na abiria wanajua, na hawasemi.

Hapo nilitakiwa kusema. Nilifungua mdomo. Yule mwanamume alikuwa ameshamchukua Mheshimiwa, amemwinua juu kwa mikono miwili, ameingia majini akikanyaga taratibu, na watu wa ng'ambo walikuwa wamesimama wote. Nikafunga mdomo. Nikajiambia nitasema ng'ambo. Ng'ambo nikajiambia nitasema kwa wenyewe. Stashahada, shahada na nusu ya uzamili, na mimi bado ni yule yule wa siku ile, naogopa maswali. Nililia njia nzima ya kupanda, na Bi Hadija akanibembeleza, na kila aliponibembeleza nilijichukia zaidi.

Uani kwa Mwanaidi

Mikeka ilikuwa imetandikwa. Wanawake wamejaa uani, moshi wa jiko umetanda, sufuria kubwa la maharage liko motoni. Mwanaidi alitoka ndani macho yamevimba. Alikuwa amenenepa kidogo, lakini ni yeye. Alinitambua kabla sijasalimia.

"Sista Perisi? Ni wewe umemleta?" Akanikumbatia, akalia shingoni kwangu. "Mungu ni mkubwa. Ulinipokelea wangu kwa mikono yako, na leo umemleta wa mdogo wangu."

Mama mmoja mwenye ndoo na kitambaa cheupe alikuwa amemlaza Mheshimiwa kwenye mkeka, ameanza kufungua kanga ya uso.

"Usimfunue, mama," nikasema. "Si mtoto. Hakuna aliyekufa."

Alikuwa ameshafunua. Akapiga ukelele, akarudi nyuma, ndoo ikamwagika. Uso wa plastiki ukabaki unatazama juu. Nikaongea haraka haraka: ni mdoli wa chuo, wa kufundishia, zipu imeharibika, Rukia simjui hata kidogo, nisameheni. Kisha Mwanaidi akanyakua simu, akapiga, akaiweka sauti ya nje.

"Haloo, dada? Mbona unahema hivyo?"

"Rukia! Uko wapi? Mtoto?"

"Mtoto gani? Bado yuko tumboni ananipiga mateke. Niko hapa nachambua maharage. Dada, unalia?"

Uwanja ulilipuka. Alhamdulillahi kila upande, vigelegele, wanawake wameshikana mabega wanacheka huku machozi yanawatoka. Bi Hadija alikuwa amejifunika uso na mtandio wake wa kijani, anarudia, "Jamani, nimewaua watu mimi, nimewaua watu." Wanaume walifika kutoka makaburini na majembe, walipoambiwa mmoja akasema, "Yaani tumeichimbia plastiki?" na kicheko kikaanza upya. Isa fundi alisimama mlangoni, udongo mpaka viwikoni, anatabasamu kama mtu aliyetuliwa mzigo.

Mwanaidi aliketi kando yangu, akanishika mkono, bado anacheka. "Sista Perisi, leo umetumaliza. Haya sasa, Bi Hadija anasema una jambo langu. Umeniletea nini?"

Ningeweza kusema nimekuja kukusalimu. Wote walikuwa na furaha, chakula kiko motoni, na mimi nimeshasamehewa kosa moja. Hakuna ambaye angejua. Naandika hili kwa sababu nataka mjue ilikuwa karibu kiasi gani.

"Mwanaidi," nikasema, "mtoto wako hakuzaliwa amekufa."

Mkono wake ulibaki mkononi mwangu, lakini vidole vikalegea.

Nikamwambia yote. Kitovu kilichokuwa kinapiga. Ambu ukutani. Pumzi moja. Kwamba nilidanganya, nikaandika uongo, na kwamba sikujua uongo huo ulimnyima nini mtoto, mpaka rafiki yangu wa Kiislamu aliponieleza. Sikulia. Nilikuwa nimeshamaliza machozi kwenye msiba usiokuwepo.

"Alivuta pumzi," akasema Mwanaidi.

"Mara moja. Niliiona kwa macho yangu."

"Basi alikuwa mtu."

Akautoa mkono wake. Isa alikuwa bado mlangoni, na tabasamu lile lilikuwa halijamwondoka lote, limebaki tu usoni bila kazi. Alisema polepole, "Nilimzika mimi na watu wawili, jua linazama. Sikuwaita watu. Uliniambia hapakuwa na mtu." Kisha akatoka kwenda kumtafuta shehe.

Alasiri

Shehe ni mwanamume wa rika langu, mwalimu wa shule ya msingi, bado alikuwa na chaki kwenye mkono wa kanzu. Aliniuliza mara mbili, bila ukali, kama naapa. Nikaapa. Akasema mtoto ana haki ya jina na ana haki ya kuswaliwa, na kwamba wataswali pale pale kaburini kwake, na watu wako tayari.

"Jina lake?" akamuuliza Mwanaidi.

"Swalehe."

Alilitaja papo hapo, kama anamwita mtoto aliye uani. Mama mmoja aliyekaa nyuma yangu alianza kulia kwa sauti, na hapo ndipo nilipoelewa kwamba jina lilikuwepo siku zote.

Wanaume wote waliokuja kumzika mtoto wa Rukia walikwenda kumswalia Swalehe. Wanawake tulibaki. Kaburi jipya lilifukiwa tupu siku hiyo hiyo, nilisikia baadaye. Tulikaa mikekani mpaka tuliposikia sauti zao zikirudi njiani. Mwanaidi alikuwa ametazama upande wa makaburi muda wote. Sikumwona akilia.

Kisha aliinuka, akapakua. Wali na maharage, chakula cha msiba. Aliweka sahani mbele ya kila mgeni na kumwambia karibu. Kwangu aliiweka sahani, akaenda kwa anayefuata. Nilikula yote. Bi Hadija alikaa karibu yangu, lakini hakunimenyea kitu tena.

Kurudi

Safari ya kurudi haina cha kusimulia. Maji yalikuwa yamekauka, Noah ilijaa ikaongezwa, basi halikuharibika, muziki ulipigwa mwanzo mwisho. Mheshimiwa nilimfunga kwenye gunia alilonipa nesi wa pale, na hakuna aliyenipa pole. Nimemrudisha stoo bila mkwaruzo.

Nimeruka somo lenyewe kwa makusudi, kwa sababu nilitaka kuliandika mwisho.

Asubuhi ya pili nilifundisha zahanatini. Nesi aliyepo anaitwa Esta, ana miaka miwili kazini, yuko peke yake kama nilivyokuwa mimi, na msaidizi wake mmoja wa usafi. Ambu inaning'inia ukutani, msumari ule ule. Sijui kama ni ile ile. Ilikuwa ndani ya nailoni.

Nilikuwa nimemlaza Mheshimiwa mezani nikimwonyesha Esta jinsi ya kumkausha mtoto na kumsugua mgongo, mlango ulipofunguka Mwanaidi akaingia. Alimwitikia Esta shikamoo yake. Mimi hakunisalimia. Alikaa kwenye benchi la wajawazito, akaweka mikono mapajani.

"Endeleeni," akasema.

Tuliendelea. Niliruka hatua nikairudia, na msimamizi wangu angenikata alama nyingi. Nikamwambia Esta, asipolia baada ya kukausha na kusugua, usimpige, usimning'inize, usipoteze dakika hiyo. Kichwa kikae sawa. Ziba mdomo na pua kwa kikombe hiki, bana mpira, tazama kifua. Esta akabana. Kifua hakikupanda. Nikamrekebisha kidevu kidogo, akabana tena, na kifua cha plastiki kikapanda na kushuka.

"Ni hivyo tu?" Mwanaidi akauliza.

Nilitamani kumwambia ni vigumu, kwamba inahitaji miaka ya kusoma, kwamba hata shahada haitoshi. "Ndiyo," nikasema. "Ni hivyo tu."

"Na hicho kimpira, siku ile kilikuwepo?"

"Kilikuwepo. Pale pale ukutani."

Akautazama msumari kwa muda. Esta alikuwa ametoa mikono mezani, amenitazama mimi, amemtazama yeye, hajui afanye nini.

Zuhura, uliniuliza kama alinisamehe. Sikumuuliza, na hakusema. Alichosema, akimwelekeza Esta kwa kidole, ni "Arudie."

Esta akarudia. Akakausha, akasugua, akaweka kichwa sawa, akabana. Kifua kikapanda.

"Tena."

Akarudia tena. Tulidhani atachoka, lakini kila kifua kilipopanda alisema neno hilo hilo, hakupandisha sauti wala hakutoa macho mezani. Wajawazito walifika kliniki, wakasimama mlangoni, wakasubiri. Tulirudia mpaka adhana ya adhuhuri, na ilipoisha akasema, "Tena."